Makosa Kumi na Manne

Kwa miaka kumi na mmoja nilipiga kinanda katika ibada ya kwanza ya kanisa letu la Kilutheri hapa Tanga mjini, na katika miaka yote hiyo hakuna mtu aliyeniambia kwamba napiga vibaya. Silisemi hilo kwa kujisifu. Nalisema ili mjue masikio tuliyonayo pale kanisani. Waumini wa ibada ya kwanza wengi wao ni wazee, na mtu aliyeamka alfajiri akavaa koti la suti katika joto la Tanga anataka jambo moja tu, ibada iishe kabla jua halijapanda. Ukiwapigia wimbo wa msiba siku ya mavuno, watauimba mpaka ubeti wa mwisho, kisha watakupa mkono mlangoni na kukuambia, "Mwalimu, umebarikiwa." Niliambiwa hivyo kila Jumapili. Nikaamini.

Waliniita mwalimu kwa sababu nilikuwa mwalimu kweli, wa jiografia, katika shule ya sekondari, mpaka nilipostaafu. Miaka thelathini nilishika kalamu nyekundu. Nilikuwa nikitazama jibu la mwanafunzi, kabla sijafika kwenye nukta najua ni wapi alipoanza kubabaisha. Kuona kosa la mwenzako upesi ni kipaji cha watu wasiopendeka, nami nilijaliwa nacho tele.

Kinanda nilijifunza utotoni, kwenye shamba la mkonge upande wa Muheza, ambako baba yangu alikuwa karani. Alishuka kutoka milimani Usambara kutafuta kazi, na sisi tukazaliwa huku chini. Kanisa la pale shambani lilikuwa na kinanda cha kukanyaga, kile ambacho miguu inasukuma upepo wakati mikono inapiga, na mke wa mwinjilisti akanifundisha nyimbo tisa. Baada ya hapo mume wake akahamishwa. Nyimbo nyingine zote nilijifundisha mwenyewe, maana yake hapakuwa na mtu wa kunizuia.

Ibada ya pili ilikuwa na mpigaji wake, binti mmoja nesi wa zahanati, aliyekuja kutoka Korogwe. Nilimdharau. Sioni sababu ya kulipamba neno hilo sasa. Alikuwa na kinanda chake cha umeme, cha zile aina zenye ngoma ndani. Anabonyeza kitufe, ngoma inalia yenyewe, naye anaweka vidole juu yake. Vijana wakipiga makofi na kuyumbayumba. Mimi nilikuwa nikimwambia mke wangu, "Yule hapigi, anasindikizwa." Kila Jumapili tukipishana mlangoni, mimi natoka yeye anaingia, aliinama kidogo na kusema, "Shikamoo mwalimu." Nami nikajibu, "Marahaba," huku nikitazama kitabu changu cha nyimbo kana kwamba ndicho kilichoniamkia.

Mambo yaliharibika mwaka ule kwaya yetu ilipoalikwa kwenye tamasha la uimbaji Lushoto. Kwaya za ibada zote mbili zingekwenda pamoja, lakini mpigaji angekwenda mmoja tu. Nilichukulia kwamba ni mimi. Sikuwaza hata kuuliza. Kumbe kamati iliona ni haki kutusikiliza wote wawili, na katibu wa kwaya, mtu mpole anayeogopa kumkosea yeyote, akapewa kazi ya kuturekodi kwa simu yake.

Wiki hizo kinanda cha umeme cha nesi kilikuwa kimeungua kwa umeme uliokuja na nguvu baada ya kukatika, hivyo naye alikuwa akitumia piano kuukuu ya kanisa, ile ile yangu. Piano hiyo iliachwa na Wazungu wa mashamba. Chumvi ya bahari imeila nyaya, na vibao viwili vya juu kabisa vimekufa. Jumapili ile mchungaji alichagua wimbo mmoja wa sadaka kwa ibada zote mbili, wa kupigwa bila kuimbwa, watu wakiwa wanapita mbele. Katibu akaweka simu juu ya piano asubuhi kwangu, akaiweka tena saa nne kwake. Jioni akatuma rekodi zote mbili kwenye kundi la kwaya la WhatsApp, moja baada ya nyingine, bila neno lolote.

Nilizisikiliza Jumatatu nikiwa nimekaa barazani kwangu, Mikanjuni. Ya juu nikaichukua kuwa yangu, kwa kuwa mimi ndiye wa ibada ya kwanza. Ilinifurahisha. Mwendo ulikuwa umetulia, mkono wa kushoto unakwenda kama mtu mzima anayetembea kwenda kwake, na kila mwisho wa mstari ulipewa nafasi ya kupumua. Nilimwita mke wangu aje asikilize.

"Huyo ni wewe?" akauliza.

"Sasa nani?"

"Nimeuliza tu, baba watoto," akasema, akarudi jikoni.

Nikafungua ya pili. Jamani. Mpigaji alianza kama mtu aliyechelewa basi. Mistari miwili ya kwanza, ambayo ni rahisi, aliipita mbio. Alipofika wa tatu, penye vidole vya kuvuka kimoja juu ya kingine, akajikokota, akakosea, akasimama, akarudi nyuma kulipiga tena lile kosa, utadhani sisi wasikilizaji tumeombwa tusubiri. Mguu haukutoka kwenye kanyagio tangu mwanzo mpaka mwisho, sauti zote zimechanganyika kama uji. Nilicheka peke yangu. Nikaingia ndani nikachukua karatasi na kalamu nyekundu, nikaanza kuandika. Nilipofika kosa la kumi na nne nikaona inatosha, nikaizima rekodi kabla haijaisha. Niliona kuisikiliza mpaka mwisho ni kumheshimu mno.

Jumamosi tukakutana ukumbini, kamati na kwaya zote mbili. Nesi alikuwa amekaa kiti cha nyuma, bado amevaa sare yake ya kazini. Kiongozi wa kwaya, fundi wa reli, mtu wa maneno machache, akauliza kama kuna mwenye maoni kuhusu rekodi. Nikasimama. Nikasema kwamba sina nia ya kumvunja moyo mtu yeyote, maneno ambayo watu husema wakiwa na nia hiyo hiyo, nikakunjua karatasi yangu.

"Rekodi ya pili," nikasema. "Kosa la kwanza, mwendo. Mpigaji anakimbia palipo rahisi na kutambaa palipo pagumu. Kosa la pili, mkono wa kushoto unafika baada ya wa kulia, kila mara, kama mgeni anayechelewa harusini. La tatu, kanyagio."

Nilisoma kwa sauti ya darasani. Niliposoma la tano, waimbaji wawili wa sauti ya kwanza walitazamana. Nilidhani wanakubaliana nami. La sita lilihusu tabia ya kurudi nyuma kulirekebisha kosa, na pale niliongeza maelezo, nikasema hiyo ni dalili ya mtu asiyesikiliza mwenzake, anayejiona kwamba ibada nzima ipo kwa ajili yake. Nilipofika la tisa katibu wa kwaya akakohoa. Akasimama nusu, akakaa, akasimama tena.

"Mwalimu, samahani," akasema. "Ile ya pili ni ya ibada ya kwanza."

"Haiwezekani," nikamjibu.

"Zilikwenda kinyume. Ya saa nne ilikuwa fupi, ikawahi kufika."

"Nimekwambia haiwezekani. Mimi sipigi hivyo."

Hakubishana. Alitoa simu mfukoni, akaipeleka rekodi mpaka mwisho kabisa, pale ambapo mimi sikufika, akaiinua juu. Piano ikanyamaza. Kikasikika kikohozi, kisha sauti yangu mwenyewe, ile ya kuamuru: "Hebu mtu afunge dirisha hilo, karatasi zinapeperuka."

Hakuna aliyecheka kwa sauti. Ingekuwa afadhali wacheke. Nilibaki nimesimama, karatasi mkononi. Nilitaka kusema kitu kuhusu simu, kwamba simu hizi haziaminiki, kwamba piano ile ni mbovu. Lakini nesi alipiga kwenye piano ile ile, na simu ile ile, na nilikuwa nimeshamsifu kwa mke wangu.

Ndipo yeye akanyoosha mkono kutoka kiti cha nyuma.

"Mwalimu, ulikuwa umefika la tisa," akasema. "Yaliyobaki?"

Mpaka leo sijui aliuliza kwa ukatili au kwa kutaka kujua. Uso wake haukuonyesha lolote. Kiongozi wa kwaya akamtazama, akanitazama mimi. Ningeweza kukaa. Ningeweza kutoka nje. Badala yake nikainua karatasi nikaendelea, la kumi, la kumi na moja, mpaka la kumi na nne, yangu yote, kwa maandishi yangu mwenyewe, kwa wino mwekundu. Sauti ya darasani ilikuwa imekwisha. Nilipomaliza nikakaa, na kiongozi wa kwaya akasema kwamba nesi ndiye atakayekwenda Lushoto, kama kuna anayepinga aseme. Hakuna aliyepinga. Hata mimi.

Niliomba mapumziko ya miezi mitatu. Waumini waliambiwa naumwa mgongo.

Nyumbani nina kinanda cha umeme kisicho na ngoma ila chenye kanyagio, niliagiziwa na wanangu nilipostaafu. Kipo sebuleni, kimeegemea ukuta ambao upande wa pili ni nyumba ya jirani yangu, mwalimu wa madrasa, mwanamke wa Kidigo aliyezaliwa Moa. Nilikiweka pale bila kumwuliza kama anapenda. Nikaanza mazoezi ya asubuhi. Nilipiga wimbo ule wa sadaka, huku simu inarekodi, kisha nikausikiliza na kalamu mkononi.

Siku ya kwanza niligundua jambo lililonichukiza kuliko aibu ya ukumbini. Nilipiga, nikaona nimepiga vizuri, nikasikiliza, na makosa yote kumi na manne yalikuwepo. Hayakupungua hata moja. Wakati vidole vinatembea, sikuwa nasikia vinachofanya. Nilisikia wimbo uliomo kichwani mwangu, uliokaa humo tangu utotoni, mzuri, usio na doa. Kwa miaka kumi na mmoja nilikuwa nimeketi mbele ya kanisa nikimsikiliza mtu asiyekuwepo. Waumini walisikia mwingine, na wao ama hawakujali, ama walikuwa na adabu. Sijui kipi kibaya zaidi.

Nilijisahihisha kama nilivyokuwa nikisahihisha wale wanafunzi wa kidato cha pili waliojaza kurasa wakidhani wingi wa maneno utanidanganya. Pembeni ya nota niliandika: unababaisha. Unaficha kwa mguu. Hapa ulijipenda. Siku nyingine niliandika upuuzi tu, kwa herufi kubwa, nikafunga kinanda. Wiki nne nilifanya hivyo na sikupiga hatua yoyote. Kudharau kunachosha kama kulima, lakini hakutoi mazao. Nilikuwa najua kila kosa kwa namba yake na bado nilikuwa nalifanya.

Asubuhi moja jirani akabisha hodi. Alikuwa na kawa mkononi. Alikuwa jikoni kwake anapika vibibi, vile vikate vya mchele na nazi. Baada ya kuamkiana akabaki amesimama mlangoni.

"Bwana mwalimu, nataka nikuulize, usinune," akasema. "Huo wimbo wenu, kuna pahala pamoja ukifika hukwama. Kila siku. Mie nakuna nazi, ukifika hapo mkono wangu husimama kukungoja uvuke. Asubuhi nzima nazi haiishi."

Nikamwambia najua, ni mstari wa tatu, ni mgumu.

"Ugumu haumo hapo. Umo nyuma yake. Unakuja mbio, unakuja mbio, halafu pu! Kwangu chuoni mtoto akisoma aya kwa haraka hivyo, najua ya mbele yake hakuihifadhi. Anakimbia kwa woga. Namrudisha asome ile asiyoijua kwanza, mpaka ichoke."

"Wewe kinanda unakijua?" nikamwuliza. Niliuliza vibaya, kwa ile sauti yangu.

"Sikijui wala sikitaki," akasema. "Lakini masikio ninayo. Nawasikiliza watoto arobaini kwa pamoja, namjua nani kakosea. Wewe uko mmoja tu, na umenishinda kwa kelele." Akaenda zake.

Nilikasirika mpaka adhuhuri. Mtu asiyejua nota moja, ananifundisha kwa kusikia ukutani. Lakini alasiri nikafungua kinanda, nikaacha mwanzo wa wimbo, nikaanza pale pale penye vidole vya kuvuka. Vipigo vinne tu. Polepole mno, kiasi kwamba haukuwa wimbo tena. Na kwa kuwa haukuwa wimbo, ule uliomo kichwani ulinyamaza, nikasikia kidole cha nne cha mkono wa kulia kikiteleza. Nilikisikia wakati kinateleza, si baadaye kwenye simu. Nikarudia. Kikateleza tena, nikakisikia tena.

Nilipiga vipigo hivyo vinne kwa wiki mbili. Mke wangu, ambaye ni Mbondei na hana subira na mambo ya kuzunguka, alikuja siku moja akasimama nyuma yangu.

"Baba watoto, wimbo huo hauna mwanzo?"

"Unao."

"Basi siku moja utusikilizishe."

Niliporudi kanisani kwaya ilikuwa imesharudi kutoka Lushoto. Hawakushinda chochote, lakini walisifiwa kwa mpigaji wao, na katibu aliniambia hivyo akitazama viatu vyake. Jumapili ya kwanza nilipiga wimbo wa sadaka ule ule. Mguu niliuweka chini ya kiti, mbali na kanyagio, nisije nikashawishika. Mistari miwili ya mwanzo niliizuia kwa nguvu. Ule wa tatu niliuvuka. Palikuwa na makosa, niliyahesabu nikiwa napiga, matano, na moja lilinifanya nirudi nyuma kabla sijajizuia. Lakini nilikuwa nasikia. Kwa mara ya kwanza nilikuwa nimo kanisani pamoja na watu wengine, nikisikia walichokuwa wakisikia.

Mlangoni wazee wakanipa mkono. "Mwalimu, umebarikiwa," wakasema. "Pole na mgongo." Mmoja mmoja, kwa sauti ile ile, kwa tabasamu lile lile la miaka kumi na mmoja. Miezi mitatu ya kazi, na hakuna hata mmoja aliyeona tofauti. Niliwatazama wakiteremka ngazi na makoti yao, na sikumbuki kama nimewahi kudharau umati wa watu kiasi kile.

Nesi alikuwa akiingia na kinanda chake kipya begani. Akainama. "Shikamoo mwalimu." Safari hii nilimtazama. "Marahaba," nikasema. "Ulisikia?"

"Nilikuwa dirishani tangu sadaka. La kwanza limepungua. La tatu limekwisha kabisa." Akakihamishia kinanda bega la pili. "La sita bado."

Niliuliza amejuaje namba zile. Akasema siku ile ukumbini niliiacha karatasi kitini, akaichukua. Alikuwa akiitumia. "Mengi ni yangu pia," akasema. "Mimi ngoma inanificha. Nikiizima, hata la pili ninalo."

Sikumwomba msamaha. Nilijaribu, nikaanza na maneno ya kuzungukazunguka kuhusu siku ile, akanikatisha akasema watu wanamsubiri. Lakini tangu siku hiyo, kila Alhamisi akitoka kazini, tulikutana kwenye piano ile kuukuu. Mmoja anapiga, mwingine anakaa kwenye benchi la mbele na karatasi. Anayepiga lazima ajisahihishe kwanza, aseme mwenyewe wapi alikosea, ndipo mwingine asome aliyoandika. Mara nyingi tulitofautiana. Mimi nilijipa lawama nyingi kuliko alizoniandikia, na yeye akaniambia hilo nalo ni kosa, kwa kuwa nilikuwa nalaumu hata palipokuwa sawa ili nionekane nina sikio.

"Mwalimu, kujitukana si kusikiliza," alisema siku moja. Nilimwambia aendelee na ubeti wa pili.

Mwaka huu amehamishiwa kwenye zahanati ya kijiji huko Kigombe. Sasa napiga ibada zote mbili. Vijana wa ibada ya pili wanataka ngoma, nami sina ngoma, wala sitaki kujifunza kubonyeza hicho kitufe. Wanalalamika waziwazi. Jumapili iliyopita mmoja wao, msichana wa sauti ya pili, alinifuata baada ya ibada akasema ubeti wa tatu niliuburuza mpaka wakakosa pumzi. Nikamwambia anionyeshe ni wapi hasa. Akaimba mstari wenyewe pale pale, akanyoosha kidole kwenye neno. Alikuwa sahihi. Nilitoa kalamu nikatia alama kwenye kitabu, na Jumatatu asubuhi nikaanza mazoezi hapo.